Nani Aanze Kwenye Kadi?

Katika kila ukoo wa huku kwetu kuna watu wawili wanaofanya kazi bila mshahara: anayechinja mbuzi, na anayesemekana alisomea kompyuta. Mchinjaji, angalau, huondoka na kipande cha mutura mkononi na mafuta kwenye masharubu. Mimi huondoka na flashi ya mtu mwingine mfukoni, imejaa virusi, pamoja na maagizo: "Niwekee hapo zile za mzee. Zote. Na zifuatane."

Kwa taarifa yao, mimi nilisomea uhasibu. Lakini huku kwetu ukionekana mara moja tu unachapa bila kutazama vidole, umekwisha. Wewe ndiye fundi wa simu, wa televisheni, wa kujaza ritani za KRA na wa kueleza kwa nini stima imepotea kijiji kizima.

Mimi ni mtu wa Nkubu, upande wa Meru. Mke wangu ametoka Embu, na si ile Embu ya muguka kule Mbeere, bali Embu ya juu, ya chai, maeneo ya Kianjokoma, ambako baridi ya asubuhi haina haya. Kati ya nyumba hizi mbili kuna barabara ya kona juu ya kona: Igoji, Chogoria, daraja la Nithi ambapo hata wasiosali husali, Chuka, mto Thuci, Runyenjes. Kwa kuwa nauli si mchezo na kona hizo zimewahi kumtapisha hadi utingo, ndugu zangu na wakwe zangu wameamua kutembeleana kwa sauti.

Walianza polepole. WhatsApp ilipoleta ujumbe wa sauti mwaka wa 2013, mjomba wangu aliweka kalamu chini na hajaandika neno hadi leo. Salamu ni sauti. Pole ni sauti. Kuniuliza kama nimeamka ni sauti ya dakika nne, na dakika ya kwanza yote ni yeye akikohoa na kumfukuza mbwa. Kisha babu, ambaye umri wake ni mkubwa kuliko kitambulisho chake kinavyokiri, akaanza kusimulia historia ya ukoo: nani alihamia wapi, nani alikopa fahali wa nani, na nani hakulipa. Mjukuu anashika simu, babu anatiririka. Upande wa Embu, walipopata habari, nao wakamketisha mzee wao chini ya mparachichi, wakaanza kurekodi ya kwao. Ongeza mahubiri ya kila Jumapili, kwaya ya akina mama, vipindi walivyonasa kutoka Muuga FM kwa Kimeru na Wimwaro FM kwa Kiembu, na hotuba za kila matanga. Haya yote huja kwangu, na yote yanatakiwa kwenye redio.

Utasema: kwani hawawezi kusikiliza kwenye simu? Ukiuliza hivyo najua mama yako hana shamba. Simu ya mama ni kabambe. Ina tochi, inakaa na chaji siku nyingi, na WhatsApp haijawahi kuisikia. Simu janja iliyoko nyumbani ni ya binti wa mwisho, na bando lake ni siri ya serikali. Kinachokwenda shambani ni ile redio ndogo ya kadi inayouzwa kila mahali, kuanzia Gakoromone hadi soko la Embu: antena, tochi, tundu la flashi, tundu la kadi ya memori, na betri ya BL-5C, ileile ya simu za zamani za Nokia. Unaitundika kwenye kikapu, unachuma majani mawili na chipukizi, huku mchungaji akikuhubiria mgongoni.

Redio hiyo ina sauti ya kuamsha bonde zima na akili ya kuhesabu tu. Kioo chake huonyesha nambari ya wimbo basi. Msemaji haimjui, kichwa cha habari haikijui, na Opus haiijui kabisa. Opus ndio mtindo ambao WhatsApp huhifadhia sauti. Ulipitishwa rasmi mwaka wa 2012 na ni mtindo mzuri sana, sauti safi na faili jembamba, ila kwa redio ya mama ni kama Kichina. Redio ya mama inafahamu MP3.

Na kuhusu MP3 nina wivu niutoe kifuani. Wataalamu wa taasisi ya Fraunhofer kule Ujerumani, waliokuwa wakiitengeneza, ndio waliolipa faili hilo jina lake. Mnamo 14 Julai 1995 waliulizana wao kwa wao faili liishie na herufi gani, wengi mno wakasema .mp3, na mambo yakaisha. Hakuna aliyesusa kikao. Hakuna aliyesema babu yake hakushirikishwa. Ni wazi kabisa kwamba hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na mjomba.

Sisi majina yametushinda. Faili la WhatsApp huja likiitwa PTT-20240311-WA0007.opus. Lina mwaka, mwezi na siku, tena mwaka ukitangulia, jambo ambalo ni baraka kwa mtu anayepanga. Lakini nani anasema? Halisemi. Anasema nini? Halisemi. Na hayo ndiyo majina yenye adabu. Wanaotumia kinasa sauti cha simu huniletea "Rekodi mpya 47". Wanaojitahidi kuandika huniletea "mahubiri final", "mahubiri final 2", "mahubiri final ya ukweli" na "mahubiri usisikilize". Hilo la mwisho ndilo lililosikilizwa kuliko yote.

Zamani kazi hii niliifanya kwa mkono. Nasikiliza kidogo kila faili nijue ni la nani, nalibadilisha, nalipa jina, nalinakili. Jumamosi inaanza na kuisha nikiwa hapo, shingo imekauka. Lakini, na hili nalisema kwa uchungu, watu walikuwa wananiona nikiteseka. Mama alileta uji bila kuombwa. Mama mkwe alituma parachichi na mayai ya kienyeji kwa matatu, yakafika salama kupita Nithi. Jasho lilikuwa na malipo yake.

Ndipo nikaandika skripti. Msiogope, skripti si jini. Ni orodha ya amri kwenye faili la maandishi, mstari baada ya mstari, ambayo kompyuta huisoma na kuitekeleza bila kuuliza kwani ni yeye peke yake nyumba hii. Yangu haijai ukurasa. Inaingia kwenye folda ninamotupa kila ninachotumiwa na kukagua faili moja baada ya jingine. Likiwa ni Opus, inaikabidhi FFmpeg, programu ya bure aliyoianzisha Mfaransa Fabrice Bellard mwaka wa 2000, iligeuze liwe MP3. Kwa maneno matupu natumia kilobiti 64 kwa sekunde na mkondo mmoja wa sauti, kwa maana mjomba haji kwa stirio. Kwa kipimo hicho, saa moja ya mazungumzo inakula takriban megabaiti 29, na kadi ya GB 8 hubeba zaidi ya saa 270. Hebu zitafakari hizo saa 270 za mjomba, ndani ya kitu unachoweza kukipoteza kwenye mfuko wa shati.

Baada ya hapo skripti inachukua tarehe kutoka kwenye jina la zamani, inatazama nimelitupa faili kwenye folda ndogo ipi, ya babu, ya mahubiri, au ya kwaya, inaunda jina jipya, inalipeleka mahali pake, kisha inajaza kadi. Mimi nabonyeza Enter na kujimiminia chai.

Na hapo ndipo riziki ilipokatika. Mama alipita akanikuta nimenyoosha miguu.

"Umemaliza?"

"Inafanya yenyewe, mama."

"Aaa. Yenyewe."

Akageuka na uji wake. Tangu siku hiyo sijaona parachichi wala yai. Badala yake kadi zimeongezeka, kwa kuwa "si kompyuta ndiyo inafanya?" Jioni zote nilizopoteza kuandika ile skripti hazina shahidi. Nani aliniona nikipigana na nafasi kati ya maneno? Kompyuta ikikutana na jina "mahubiri ya mchungaji.opus" bila alama za kunukuu, inaamini umeitajia mafaili matatu, inayatafuta yote matatu, haioni hata moja, kisha inakulaumu wewe. Ushauri wangu kwa vijana wanaorahisisha kazi: endeleeni kukunja uso na kujifuta jasho hadi mtu alete uji.

Basi, zifuatane. Nilidhani hiyo ndiyo sehemu rahisi.

Kwanza, redio hizi hazijali alfabeti. Kadi huandaliwa kwa mtindo wa FAT32, wa enzi za Windows 95, na ndani yake mna daftari la majina ya mafaili. Redio husoma daftari hilo kuanzia juu kwenda chini. Aliyeandikishwa kwanza anasema kwanza, hata kama jina lake ni Zakayo. Ukiburuta folda nzima kwa kipanya, kompyuta yaweza kunakili kwa mfuatano wake yenyewe, na mama akafika mwisho wa mstari wa chai babu wa babu akiwa ameshazikwa kabla ya kuzaliwa. Kwa hiyo skripti yangu hunakili faili moja, inangoja liingie, ndipo inashika la pili.

Baya zaidi ni hili: ukifuta faili, mstari wake kwenye daftari hubaki wazi, na faili jipya linaweza kuketi papo hapo. Kule Embu kuna mtu alitaka nafasi. Akafuta mahubiri ya tatu katika mfululizo wa mahubiri ya utoaji, akaweka mahali pake rekodi ya mazungumzo ya ruracio, yaani ya mahari. Ruracio ikapata kiti cha mbele. Mama mkwe yuko katikati ya chai na wachumaji wenzake, redio mgongoni. Mchungaji anamaliza mahubiri ya pili kwa swali zito: "Je, wewe utamtolea Bwana nini?" Na sauti ya mjomba wangu inajibu kwa nguvu zote: "Mbuzi kumi na watano, na hao wengine mtasubiri mvua!"

Mlima mzima sasa unajua tunachodaiwa. Na nani aliyeitwa kueleza? Si aliyefuta. Siku hizi mwisho wa skripti kuna amri ya kuita programu ndogo iitwayo fatsort, ambayo kazi yake duniani ni moja tu, kupanga upya daftari la kadi. Lakini mbuzi waliokwisha kutangazwa hawapangiki.

Pili, nambari. Kompyuta ikipanga majina kwa herufi, 10 hutangulia 2, kwa sababu inalinganisha tarakimu ya kwanza na 1 iko mbele ya 2. Hivyo sehemu ya kwanza ya historia ya babu inafuatwa na ya kumi, ambamo fahali tayari amerudishwa kabla hajakopwa. Dawa yake ni sifuri: 001, 002, 003. Serikali yetu inaijua dawa hiyo. Ndiyo maana Mombasa ni 001 na hujivunia kuiandika kila mahali, na Nairobi, pamoja na kiburi chake chote, ni 047.

Tatu, mashine hazisikilizani. Redio ya mama hufuata daftari, redio ya gari la mjomba hupanga kwa jina, simu ya shemeji hupanga kwa tarehe. Redio ya gari tena husoma lebo iliyofichwa ndani ya MP3, na mjomba alitaka lebo yenye cheo. Lebo za mtindo wa kwanza, za mwaka wa 1996, hubandikwa mkiani mwa faili na huruhusu herufi 30 tu kwa kichwa. Mjomba akawasha gari mbele ya watu, na kioo kikamtambulisha: "Mwenyekiti Mstaafu wa Kamati y". Alinipigia simu, si kwa sauti ya WhatsApp, bali simu yenyewe, ya kulipia. Nikajua mambo ni mazito.

Nne, lugha zetu wenyewe. Kimeru na Kiembu huandikwa kwa ĩ na ũ, zenye mawimbi kichwani. Kompyuta inayopanga kwa nambari za siri za herufi huiweka Ũ mbali kabisa baada ya Z, na kwenye kioo cha redio ya gari hugeuka alama ya kuuliza, kana kwamba mashine nayo inashangaa. Nikaiambia skripti iondoe mawimbi. Mwalimu mstaafu wa ukoo akanitumia ujumbe kwamba naua lugha ya mababu. Nikamshauri awaandikie barua wenye kiwanda cha redio. Akasema ataandika, kwa ĩ na ũ.

Tano, kadi zenyewe. Shemeji alikwenda mjini akanunua kadi ya GB 64 ili "tumalize hii stori mara moja". Kadi zinazozidi GB 32 huandaliwa kwa mtindo mwingine uitwao exFAT, na redio ya shamba ikiona exFAT hunyamaza kimya. Nikamweleza. Akanisikiliza kwa makini, kisha akawaambia watu kwamba kadi ilikuwa nzima hadi nilipoigusa.

Sita, marudio. Hubiri moja zuri husambazwa na shangazi wote kwa siku moja, na mama akalisikia tena na tena hadi akaanza kumkosoa mchungaji kabla hajasema. Nikaipa skripti akili ya kulinganisha. Kompyuta huweza kulikokotolea faili nambari ndefu kutokana na yaliyomo ndani, na mafaili mawili yaliyo sawasawa hutoa nambari moja. Skripti ikikuta ndugu mapacha, inabakiza mmoja. Kazi safi. Ila shangazi mmoja alitaka kujua kwa nini nakala yake imefutwa na ya jirani yake imebaki. Nikamwambia ni hubiri lilelile, shangazi, neno kwa neno. Akasema analijua hilo, lakini yeye ndiye aliyelituma kwa imani.

Ila yote hayo, ukikaa nayo, yana dawa. Mashine ukiiambia inasikia. Lisilo na dawa lilianza pande zote mbili zilipokubaliana ziwe na kadi ya namna moja, yenye wazee wa kwetu na wa kwao, ili watoto wakue wakijua kote. Wazo zuri, kila mtu akapiga makofi. Nikatengeneza folda mbili, Embu na Meru. Skripti ikafanya ilivyofundishwa: E, halafu M.

Ujumbe ukaja kutoka Nkubu, mrefu, bila kikohozi, jambo linaloonyesha hasira. "Kijana wangu, tangu lini Embu ikatangulia Meru?"

Nikamweleza mjomba kuhusu alfabeti. Akaniuliza hiyo alfabeti ilipigiwa kura lini. Kisha akanipa hoja yake: nambari za kaunti. Meru ni 012, Embu ni 014. "Au wewe hutambui Katiba?" Nikabadilisha mstari mmoja, Meru ikawa mbele.

Haikupita Jumapili, mama mkwe akapiga. "Mwanangu," alisema, kwa upole ule unaotisha, "kabla ya hizo kaunti zenu, makao makuu ya Mkoa wa Mashariki yalikuwa wapi?"

Yalikuwa Embu. Mtu wa Meru, na hata wa Moyale huko mpakani, aliyetaka kumwona mkuu wa mkoa alipanda gari akaja Embu na kungoja kwenye benchi. Sikuwa na jibu. Nikabadilisha mstari. Hapohapo dada ya mke wangu, aliyeolewa Chuka, akauliza 013 imepotelea wapi, na kama Tharaka Nithi kwetu ni mahali pa kununua ndizi tu safari ikiendelea.

Mwalimu mstaafu, ambaye hajawahi kuacha ubishi uishe wenyewe, akaleta historia. Chama cha GEMA, alisema, kilipoundwa mwaka wa 1971 kuunganisha Wagikuyu, Waembu na Wameru, kiliweka G, ikafuata E, ndipo M. Kwa alfabeti kingeitwa EGMA. Kwa hiyo wakubwa hawakuitumia alfabeti, walitumia akili. Mjomba akamkumbusha kwamba GEMA ilipigwa marufuku mwaka wa 1980 pamoja na vyama vingine vya kikabila. Mwalimu akajibu kwamba kilichopigwa marufuku ni chama, si mfuatano, na katika mfuatano ule E iko mbele ya M. Mjomba akatuma ujumbe wa sauti wa sekunde mbili. Ndani yake kulikuwa na pumzi tu.

Unaona sasa ninachovumilia. Amri ya kupanga mafaili ni neno moja: sort. Inamaliza maelfu kabla hujapepesa jicho, na haichoki, na haiweki kinyongo. Lakini inataka mtu mmoja aiambie kipi kianze, na huyo mtu mmoja ndiye hapatikani kati ya mto Thuci na mto Kathita. Watu husema kompyuta ni ngumu. Kompyuta haijawahi kunitumia pumzi.

Nikaamua kuwa mwanadiplomasia. Kadi yenyewe huweza kupewa jina, lisilozidi herufi 11, na Kianjokoma ina 10, tukaponea hapo. Skripti ikawa inasoma jina la kadi kwanza. Kadi ikiitwa NKUBU, Meru inaanza. Ikiitwa KIANJOKOMA, Embu inaanza. Ikiitwa CHUKA, 013 mbele ya wote. Kila upande ukajisikia kwanza, ukadhani umeshinda, ukanyamaza. Nilianza hata kufikiria kugombea kiti.

Aliyeniangusha ni babu. Nilimpelekea kadi mwenyewe, nikamwashia redio, nikamwambia kwa fahari kwamba yeye ni 001.

"Umeniweka wa kwanza?"

"Ndiyo, babu. Kabla ya wote."

"Kabla ya watoto? Kabla ya kwaya?" Alinitazama kwa huruma. "Wewe ulishaona wapi mkubwa akizungumza kwanza?"

Na ni kweli. Nenda harambee yoyote, matanga yoyote, kutoka Timau hadi Ishiara. Anaanza kijana wa kikundi, anafuata chifu, halafu mwakilishi wadi, mbunge, gavana, na mgeni rasmi ndiye wa mwisho, wengine wakiwa wamesinzia. Anayesema wa kwanza kabisa ni yule wa kupima kipaza sauti. Miezi yote hiyo ukoo mzima ulikuwa unapigania nafasi ya kusema "wani tu, wani tu".

Habari ikasambaa haraka kuliko hubiri. Nkubu ikaomba iwekwe mwisho. Kianjokoma ikasema haitaki kutangulia wageni, itangoja. Chuka ikasema wao ni watu wa katikati lakini katika hili hawana shida kungoja zaidi. Kwa mashine ni herufi moja tu: unaiongezea ile amri ya kupanga r, na mfuatano wote unapinduka, wa mwisho akawa wa kwanza. Nikaiongeza. Ugomvi ukapinduka nao, ukabaki ugomvi uleule.

Mama alikuja na redio yake mkononi, na swali ambalo hakuna mtaalamu wa Fraunhofer aliyewahi kuulizwa. "Na betri ikizima saa saba mchana, huyo mheshimiwa wa mwisho atasikilizwa na nani?" Kwa maana betri ile haijawahi kufika jioni. Kwa hiyo, kwa hesabu ya shambani, mwenye heshima hasikiki, na anayesikika hana heshima. Nikatazama skripti yangu kutoka juu hadi chini. Hakuna mahali pa kuandika hilo.

Jana mjomba ametuma sauti nyingine. Ameelewa vizuri habari ya sifuri na tarakimu tatu, na amepiga hesabu zake. Anataka hotuba yake ipewe nambari 999 kwenye kila kadi, ya Meru na ya Embu, ili mtu yeyote asije akaketi nyuma yake. Nimemjibu kwa maandishi kwamba 999 ni ya polisi, na kwamba kwa mwendo huu nitaihitaji mimi.